Nimeitwa usaili wa pili wa shindano la runinga, wanataka nije na "habari ya baba". Mliowahi kupita huko nipeni ukweli

#1 BintiMwaloni

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya kwa miaka, leo nimelazimika kufungua akaunti. Nina miaka 23, niko Mwanza, nauza dagaa na mama yangu pale Mwaloni, Kirumba. Kwaya ya kanisani naimba tangu darasa la nne, sauti ya pili.

Wiki tatu zilizopita ilikuja timu ya shindano la kuimba la runinga (jina nalihifadhi, sitaki kesi). Nilifika saa kumi na moja alfajiri nikijiona nimewahi, nikakuta foleni imeshakata kona mbili. Kuna waliolala palepale na mashuka yao. Nikapewa karatasi ya kubandika kifuani, namba 612. Tukakaa juani mpaka saa tisa mchana. Kijana mwenye kamera alipita mara nne, kila akipita anatuambia "pigeni kelele kama mna furaha!" Tunapiga. Mara ya nne kuna dada alianguka kwa njaa, kamera ikamfuata yeye.

Nilipoingia nilitegemea kuwakuta majaji. Jaji hata mmoja hakuna. Kuna meza ya plastiki, kaka mmoja, dada mmoja, kompyuta na kamera ndogo. Nikaimba kama nusu dakika, wakasema inatosha. Ndipo yakaanza maswali: unafanya kazi gani, unaishi na nani, baba yuko wapi? Nikasema baba alifariki 2016. Wakaangaliana. Yule dada akaacha kuchapa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Alifariki na nini?"

Nikajibu aliugua. Sasa nyie nawaambia kwa sababu hamnijui: baba yangu alikuwa mtu wa pombe, na pombe ndiyo iliyomuua. Mtaa mzima unajua, ila nyumbani kwetu hilo neno halitamkwi. Hata mjomba akija na harufu mdomoni mama anamwandalia chai nje.

Juzi wamenipigia, nimepita, niende Dar wiki ijayo mbele ya majaji wenyewe. Nije na picha ya baba, nije na mama au ndugu mmoja, "na ujiandae kumzungumzia baba, hapo ndipo penye nguvu yako." Wimbo gani nitaimba hawakuuliza.

Wametuma na mkataba, kurasa 14, Kiingereza kitupu.

Hivi ndivyo ilivyo kila mahali? Nikikataa kumzungumzia baba ndiyo basi tena? Na mkataba nisaini kabla sijaenda?

#2 Kigoda_Changu

Nimewahi nafasi. Naweka kigoda, karanga ninazo.

#3 Jogoo_la_Shamba

Binti, uza dagaa. Hao washindi wa miaka yote wako wapi? Mtu anapewa hundi kubwa kama mlango, anapigwa picha, mwaka unaofuata mnabanana naye kwenye daladala ya Gongo la Mboto. Dagaa wanakulisha kila siku. Shindano linamlisha aliyeliandaa.

#4 NyotaNjema

Jogoo acha kumvunja moyo mtoto wa watu. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search 2012, leo nenda kwa watu wa injili useme humjui uone. Kayumba alishinda 2015, anaimba mpaka kesho. Na Peter Msechu je? Bongo Star Search hakushinda. Akaenda Nairobi kwenye shindano la kuimba la Afrika Mashariki, Tusker Project Fame 2010, nako akawa wa pili nyuma ya Davis wa Uganda. Mara mbili hajabeba kombe na bado jina lake unalijua bila kwenda kulitafuta.

#5 Jogoo_la_Shamba

Umetaja watatu. Nitajie wale mia sita waliokuwa mbele yake kwenye foleni.

#6 Waya_Mrefu

Nimefanya kazi kwenye haya mambo misimu miwili. Sikuwa na cheo, nilikuwa navuta nyaya na kuwavisha watu maiki. Dada, ulichokutana nacho ndivyo kilivyo, na si hapa Bongo tu.

Piga hesabu mwenyewe. Watu 1,000 kwa dakika tatu tatu ni saa 50. Jaji gani atakaa saa 50? Kwa hiyo kuna chujio la kwanza, pengine na la pili, halafu ndiyo majaji. Kwenye runinga wanaunganisha, mtu unaona katoka juani moja kwa moja mpaka jukwaani. Yule mama wa Scotland, Susan Boyle, kwenye Britain's Got Talent 2009, ukumbi ulianza kumcheka kisha ukasimama wote, dunia ikadhani kaingia tu kutoka barabarani. Kwenye mashindano yale anayefika jukwaani ameshasikilizwa na watayarishaji kabla. Ukumbi ulishtuka kweli. Waliompanga walijua wamepanga nini.

Kwenye chujio kuna vikapu vitatu. Kuna wanaojua kuimba. Kuna wanaoamini wanajua, hao ni wa kuchekesha taifa. Na kuna wenye habari ya maisha. Wewe umeangukia cha kwanza na cha tatu kwa pamoja, ndiyo maana wale wawili waliangaliana. Anayenisikitisha mimi siku zote ni wa kikapu cha pili, kwa sababu haambiwi. Anasifiwa, anaombwa arudie kile alichokifanya, anaambiwa "ukiingia kwa majaji fanya zaidi ya hapo". Anatoka anapiga simu kwao kuwaambia amepita. Nimewafunga maiki watu wa namna hiyo huku najua kinachowasubiri ndani, na sikusema kitu. Nilikuwa na kodi ya kulipa.

Sasa ya kukusaidia. Vaa nguo ya rangi moja. Nyeupe hapana, mistari myembamba hapana, inachezacheza kwenye kamera. Isiwe na nembo ya kampuni, watakubandika plasta kifuani. Bangili acha nyumbani, zinagonga maiki. Andaa nyimbo tatu, na kila moja uanzie mahali penye sauti yako, usiwaimbie utangulizi, utakatwa hujafika. Huenda hakutakuwa na ala, kwa hiyo itafute sauti ya kuanzia ukiwa nje, usiitafute mbele yao. Kula! Na ukishafungwa maiki jua umefungwa. Unachomnong'oneza mwenzako chooni kuna mtu ana spika masikioni anakisikia. Nimesikia mengi mimi.

Kuhusu baba. Mhariri anatafuta kitu cha dakika mbili cha kutanguliza kabla ya wimbo. Anachukua kilichopo. Ukienda mikono mitupu atamchukua baba. Kaa ufikirie una nini kingine.

#7 Msee_wa_Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Siste, mimi nilipanga laini ya shindano moja hapa kitambo, nikiwa na gita ya kuazima. Miezi miwili nafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka majirani wakanijulia huo wimbo. Kuingia tu, jaji mmoja akanitazama akasema "karibu". Hiyo karibu yake ikanifuta mistari yote kichwani. Nikaimba kiitikio mara tano. Wakaniambia asante na nikaona wako sawa kabisa. Kilichoniuma ni ile safari ya kurudi Kayole, gita mapajani, makanga anataka niilipie kiti.

Halafu mtu asikwambie waandaaji hupendelea nyumbani kwao. Project Fame ilifanyika hapa kwetu. Valerie Kimani akabeba ya kwanza 2006, tukajua hiyo ni yetu. Baada yake Uganda, Rwanda, Uganda tena. Ruth Matete akaturudishia heshima 2012, na 2013 Hope akaibeba akaenda nayo Burundi. Kipaji hupita, mradi usisahau maneno kama mimi.

#8 BintiMwaloni

Asanteni sana jamani. Kaka Waya_Mrefu hiyo ya chooni imenitisha.

Limetokea jipya. Mchana wa leo nimepigiwa na namba nyingine, kaka anajiita mratibu wa usaili kanda ya ziwa. Anasema nafasi za Dar zimejaa, nimtumie 150,000 kwa simu "ili faili langu lifungwe". Jina langu analijua, na namba 612 anaijua. Mama anasema tutoe hela ya mzigo wa Jumamosi tuirudishe baadaye. Nimechanganyikiwa.

#9 Kigoda_Changu

USITUME. Nimeacha karanga nakuandikia. Hata mia usitume.

#10 Mzaramo_wa_Barking

Mdogo wangu tulia. Namba 612 iliitwa kwa kipaza sauti mbele ya umma mzima, na jina lako umeliandika kwenye daftari lililopita mikono ya watu. Kulijua hakumfanyi mtu kuwa mratibu. Na anayekutafuta uonekane kwenye kipindi chake hana sababu ya kukutoza wewe.

Niwape mifano miwili msidhani ni ushamba wa kwetu. Mwaka 2002 hapa London kuna kijana alijiita Nik Russian, akatangaza shindano la runinga: mwaka mmoja, zawadi nono. Akafanya usaili wa kisawasawa, akachagua watu 30. Wakaacha kazi, wengine wakarudisha nyumba walizopanga. Siku ya kwanza wanaambiwa hela ya zawadi ni nyinyi wenyewe mtaitafuta. Pa kulala hapakuwepo na kituo kilichonunua kipindi hakikuwepo. Mwisho kamera za kituo cha kweli zilikuja kweli, kuja kutangaza habari ya utapeli.

Wa pili, Istanbul, 2009. Wanawake tisa waliwekwa kwenye nyumba ya kifahari, wanaamini wako kwenye kipindi mfano wa Big Brother, kile cha watu kufungiwa nyumba moja kamera zikiwatazama. Mkataba ulisema anayetoka kabla ya muda anapigwa faini. Kumbe hakuna runinga inayowaonyesha, picha zao zinauzwa mtandaoni. Walikaa humo karibu miezi miwili mpaka askari walipokwenda kuwatoa.

Kwa hiyo piga simu ofisini kwa kituo kitakachorusha, kwa namba unayoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na huyo kaka. Uliza wanamjua?

Na jingine kwa wanaosema kuongea kwenye runinga ni kuongea tu. Huku kipindi kimoja kikongwe cha asubuhi, cha watu kuanikana mambo ya nyumbani, kilifutwa 2019 baada ya mshiriki mmoja kufariki siku chache tangu arekodiwe. Tangu Aprili 2021 msimamizi wa utangazaji, Ofcom, ana kanuni za kuwalinda watu wanaoshiriki vipindi. Zimeandikwa baada ya msiba.

#11 Wakili_Mpole

Nitagusa mkataba peke yake. Sijauona wa kwako, ila ya aina hii huwa inafanana kama sare za shule.

Kwanza, usisaini usichokielewa. Omba nakala ya Kiswahili au kaa na mtu akusomee mstari kwa mstari. Ukiambiwa "saini sasa hivi, gari linaondoka", basi liache liondoke.

Tafuta kifungu kinachosema unawapa haki ya kutumia jina, sura, sauti na habari za maisha yako, duniani kote, kwa njia zilizopo na zitakazovumbuliwa, bila kikomo. Hicho karibu kila mkataba kinacho. Maana yake ukishasema mbele ya kamera kwamba baba alikufa kwa pombe, huwezi kurudi baada ya miaka kumi, umeolewa, una watoto, ukasema futeni. Kifungu cha jirani yake kinawaruhusu kuhariri na kupanga upya watakavyo. Kilio chako cha saa nne kinaweza kuwekwa chini ya swali la saa nane.

Halafu tafuta neno menejimenti. Hapa ndipo vijana wanapoumia, maana macho yote yapo kwenye zawadi. Yapo mashindano ambayo ukifika hatua fulani unakuwa umeshawapa waandaaji haki ya kusimamia kazi zako za muziki kwa miaka kadhaa, kwa asilimia fulani, hata kama ulitolewa mapema. Soma ni hatua gani, miaka mingapi, asilimia ngapi, na nani anaweza kuuvunja. Ukikuta jibu ni "upande wa kwanza peke yake", upande wa kwanza si wewe.

Zawadi inatolewa lini, taslimu au vitu, na kodi analipa nani? Usicheke. Mshindi wa kwanza kabisa wa shindano la runinga la Survivor la Marekani, Richard Hatch, alibeba dola milioni moja mwaka 2000 mbele ya taifa zima, hakuilipia kodi, na 2006 akahukumiwa kifungo cha miezi 51.

Kwetu hapa waulize pia kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Shindano la kweli linacho na hawaoni tabu kukuonyesha. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Marehemu hawezi kuulizwa ridhaa, ila mama yako na wadogo zako wako hai, na habari za nyumba hiyo ni zao pia.

Usiri wa matokeo ni kawaida, hapo usiogope. Ila kuanzia hapo punguza kutuandikia.

#12 Chalii_wa_Ngarenaro

Wadau mnamjaza hofu dada yetu. Mimi nasema ongea. Baba keshapumzika, hamdhuru. Kila mtu pale ana sauti, kitakachomtofautisha ni machungu yake. Kura zinapigwa na watu walioguswa. Huna mjomba redioni, huna studio, Mungu kakupa kitu kimoja cha kuwashika watu wewe unakificha? Idris Sultan alirudi na dola 300,000 za Big Brother. Angekaa kimya na aibu zake angezipata?

#13 Mkongwe_1978

Chalii, Idris alishinda kwa kuchekesha watu, hakuwalilia. Nilifuatilia kila siku, mke wangu shahidi. Ile ilikuwa Big Brother Africa ya Hotshots, 2014, ambayo jumba lake kule Johannesburg liliungua moto hata hawajaingia, kipindi kikasogezwa mpaka Oktoba. Na kabla yake Richard Bezuidenhout alishatuletea dola 100,000 mwaka 2007. Mwisho Mwampamba wa 2003 hakushinda, lakini alipendwa mpaka 2010 wakamrudisha na nyota wengine. Wote watatu watu waliwapenda kwa jinsi walivyokaa na wenzao.

Na mnasahau Maisha Plus ya Masoud Kipanya, mchora katuni wetu. Ilipoanza 2009 vijana walipelekwa kijijini kulima, kuchota maji na kupika kwa kuni. Mule huwezi kuigiza siku nyingi. Mtu mvivu kufikia siku ya nne jembe limeshamtaja. Mimi nilienda usaili wake msimu mmoja, sikupita, na ukweli nilikuwa na kitambi.

#14 Chalii_wa_Ngarenaro

Mzee na kitambi chako uliendea nini kijijini 😂

#15 Mkongwe_1978

Kukipunguza.

#16 MamaNeema_Tanga

Mwanangu BintiMwaloni, marahaba. Naona watu wengi wamekujibu na shikamoo yako wakaiacha juu.

Mimi si mtu wa runinga, nauza mikate ya mofa. Marehemu mume wangu naye alikuwa na lake, silitaji hapa. Nataka nikuulize jambo moja ambalo hawa kaka zako hawajauliza. Je, mama yako umemwambia wametaka nini? Maana umeandika wametaka uende na mama. Wakishamkalisha pale, taa zimemmulika, watamgeukia yeye. Wewe utakuwa umejiandaa, yeye je? Mwanamke aliyejenga kimya miaka yote hiyo, aje kubomolewa na mtu wa umri wa mwanawe mbele ya nchi, kisha Jumatatu arudi sokoni kwa wateja walewale?

Chalii anasema marehemu hadhuriki. Mwanangu Chalii, mjane yupo. Shangazi zake huyo binti wapo, na siku ya kuja kumposa watakaa mkekani na watu ambao wameshaiona hiyo runinga.

Mwambie mama leo, kabla ya kulala. Akisema sawa, sawa. Akisema hapana, umepata jibu, na wimbo bado unao.

#17 Chalii_wa_Ngarenaro

Mama yangu hapo nimekaa chini. Shikamoo.

#18 BintiMwaloni

Nimewasoma wote. Kituo nimewapigia kwa namba ya kwao, wakasema huyo mratibu hawamjui na hakuna malipo yoyote, tena nauli wanarudisha wao. Yule kaka nilipomwambia aje aichukue 150,000 Mwaloni kwa mkono, akakata simu. Hela ya mzigo ipo.

Mama nimemwambia jana usiku. Hakujibu. Akaendelea kuchambua mchele. Nikajua nimeharibu. Asubuhi ananiamsha, ameshapiga pasi gauni langu la bluu na kitenge chake, ananiuliza basi la Dar linaondoka saa ngapi.

Mkataba kuna mwalimu mmoja wa sekondari hapa mtaani amekubali kunisomea. Menejimenti imo, ukurasa wa 9, inaanzia kwa watakaoingia kumi bora.

#19 Kigoda_Changu

Tunasubiri mrejesho. Usije ukawa wale wanaopotea.

#20 BintiMwaloni

Nimerudi, samahanini kwa ukimya, Wakili alinikataza kuandika mpaka kirushwe. Kimerushwa juzi.

Siku ile tulikaa kwenye korido toka saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Nilikula, kaka Waya_Mrefu, mihogo miwili na chai. Wakatuita chumba cha mahojiano kabla ya majaji, mimi na mama. Dada mwingine kabisa, si yule wa Mwanza, ila karatasi mkononi ndiyo ileile. Akaanza, "Tuambie kuhusu baba." Nikamwambia baba nimemuacha nyumbani, nimekuja kuwaeleza kuhusu dagaa. Akacheka. Akarudia kwa maneno mengine. Nikamjibu vilevile. Mara ya tatu akamgeukia mama, kama Mama Neema alivyosema, neno kwa neno. "Mama, ilikuwaje kuishi na mume wa namna ile?" Mama akarekebisha kitenge begani, akamtazama. "Tumekuja kuimba, mwanangu. Muda wenu unakwisha."

Kimya. Mpiga kamera akawa anaangalia viatu vyake.

Basi yule dada akasema haya, dagaa. Nikamweleza. Kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hawajikusanyi kwenye mwanga, mitumbwi inapumzika, na sisi siku hizo ndiyo siku za kwaya. Kwamba nyimbo zangu zote nimezijifunza kwa kalenda ya mwezi. Kwamba wa kuanikwa mchangani ukiwatafuna unasikia, wa kwenye chanja hawana mchanga na bei yao ni nyingine. Akaanza kuniuliza mwenyewe, kamera imezimwa, anawezaje kuwatambua akienda sokoni.

Majaji watatu. Niliimba ule wimbo wa pili, nilianzia katikati kama nilivyoelekezwa. Wawili ndiyo, mmoja hapana, akasema sauti yangu ni ya kwaya, haisimami peke yake. Nimelifikiria sana hilo na naona hakunionea. Nikaingia arobaini bora. Mchujo uliofuata nikatoka, kabla ya ukurasa wa 9.

Sasa juzi tumekaa mtaa mzima kwa jirani mwenye king'amuzi. Saa nzima. Nimeonekana mara mbili. Ya kwanza kwenye foleni Mwanza napiga kelele za furaha na mdomo umejaa andazi. Ya pili naimba, mama amehesabu anasema sekunde kumi na moja, chini imeandikwa "muuza dagaa, Mwanza". Mwezi wamekata, chanja wamekata, baba hayumo. Mama alikuwa anahema kila nikionekana. Kilipoisha akasema kumbe gauni la bluu linaonyesha kola imepinda, alinipigia pasi kwa haraka.

Yule dada aliyeanguka kwa njaa kwenye foleni wamemuonyesha mara nne.

#21 Waya_Mrefu

Sekunde kumi na moja si haba. Kuna watu nimewafunga maiki siku tatu hawakupata hata moja.

#22 MamaNeema_Tanga

Msalimie sana mama yako. Mwambie kutoka Tanga tumempigia vigelegele.

#23 Jogoo_la_Shamba

Nimesoma mpaka mwisho. Hao dagaa wa chanja, gunia linafika Dar?

#24 BintiMwaloni

Linafika kaka Jogoo. Kwa basi, nauli juu yako. Ila subiri wiki ijayo, sasa hivi mwezi mpevu.